Na Fidia Je?

"Na wenyewe walilipwa?"

Aliyeuliza ni ami yangu. Ilikuwa usiku, umeme umekatika mtaa mzima wa Langoni, hapa Lamu, nasi tumekaa barazani tukingoja urudi. Simu za vijana zimekwisha chaji, kahawa imeshazunguka, na mimi, kwa kuwa ndiye mwenye sifa ya kusoma vitabu visivyo na faida, nimeombwa hadithi. Nikawapa niliyokuwa nayo kichwani, ya mwandishi wa vichekesho Douglas Adams. Nilikuwa nimefika penye utamu: meli za Wavogon, viumbe wa sayari nyingine, zimetanda juu ya kila mji wa dunia, sauti inatoka hata kwenye makopo na vioo vya madirisha, inatangaza kwamba sayari hii itavunjwa ili ipitishwe barabara kuu ya angani. Watu wanapiga mayowe. Afisa wa Kivogon anakasirika. Mnashangaa nini? Ramani zilibandikwa katika ofisi ya mipango kule kwenye nyota ya Alpha Centauri, zikakaa miaka 50, na nyinyi hamkujishughulisha kwenda kuzitazama.

Vijana waliangua kicheko. Nami nilicheka, japo naijua.

Ami hakucheka. Aliuliza kwanza huko Alpha Centauri ni mbali kiasi gani. Nikamwambia mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, huchukua zaidi ya miaka minne kufika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa nauli ya kwenda Nairobi.

"Nti nzima?" akauliza, yaani dunia yote.

"Nzima, ami."

"Na wenyewe walilipwa?"

Nikasema kitabu hakitaji malipo yoyote. Akamaliza kahawa yake, akapindua kikombe. "Basi hiyo si hadithi ya kuchekesha, mwanangu. Hiyo ni taarifa ya habari."

Umeme ukarudi, watu wakasimama. Mimi swali lile nililala nalo, nikaamka nalo, na wiki zikapita bado ninalo.

## Kitabu cha masikio

Wengi wenu mnaujua mfululizo huu, kwa hiyo sitawachosha. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy wa Douglas Adams, Mwingereza aliyezaliwa Cambridge mwaka 1952. Vitabu vitano, ambavyo yeye mwenyewe kwa utani aliviita vitabu vitatu vyenye sehemu tano. Arthur Dent, mtu wa kawaida kupita kiasi, anaokolewa dakika za mwisho na rafiki yake Ford Prefect, ambaye kumbe si mtu wa dunia hii. Wawili hao wanadandia meli za anga za wengine kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho.

Nilichokuwa sikijui nilipoanza kusimulia ni kwamba kitu hiki hakikuzaliwa kitabu. Kilianza kama mchezo wa redio katika BBC Radio 4, tarehe 8 Machi 1978, usiku, saa ambayo watu wamelala au wako njiani kulala. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka uliofuata. Yaani ni hadithi iliyotungwa isikilizwe gizani. Ndiyo maana barazani inakaa vizuri kuliko kwenye kurasa: mazungumzo yake yanajibizana, na mambo yake ya ajabu hayahitaji picha.

Ilibidi nibadilishe kidogo. Pale Ford anapomwambia Arthur kwamba dunia imebakiwa na dakika chache, kisha anampeleka kilabuni wanywe bia haraka haraka, mimi niliwapeleka mkahawani. Taulo, ambalo kitabu kinasema ndicho chombo muhimu kuliko vyote kwa msafiri wa anga, nikaligeuza kikoi. Hakuna aliyeuliza kikoi ni cha nini. Cha kujifunga, kujitandikia, kujifunika, kufutia jasho na kupigia tanga ikibidi. Pengine hapo Adams angenilipa mimi.

Na kuhusu anga: nilidhani itabidi nifafanue sana. Haikuwa lazima. Mzee mmoja alikatiza, akasema roketi si kitu kigeni, zilirushwa hapo Ngomeni. Kweli. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wakirusha vyombo vya anga tangu miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka pale setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama miali ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kukaribia kile ambacho leo tunakiita shimo jeusi, katika kundinyota la Cygnus. Mwambao huu una historia na nyota kuliko kile kijiji cha Uingereza anakotoka Arthur.

Kwa hiyo anga halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ofisi.

## Chui yu ndani

Kabla dunia haijavunjwa, inavunjwa nyumba. Wenye haraka huiruka sehemu hii. Mimi nimeisoma tena na tena tangu usiku ule.

Arthur anaamka asubuhi ya Alhamisi, anaona katapila la manjano nje ya dirisha lake. Halmashauri inataka kupitisha barabara ya mchepuko mahali penye nyumba yake. Anakwenda kulala kwenye matope mbele ya katapila. Anakuja Bwana Prosser, afisa wa halmashauri, mnene, mwenye wasiwasi, anamwambia: mipango ilikuwa wazi, ungeweza kupinga wakati wake. Arthur anamjibu kwamba aliipata mipango hiyo baada ya kushuka chini ya jengo akiwa na tochi, kwa sababu taa hazikuwepo, na ngazi pia hazikuwepo. Ilikuwa chini kabisa ya kabati lililofungwa kwa kufuli, kabati lenyewe limesukumwa ndani ya choo kisichotumika, na mlangoni mwa choo pamebandikwa tangazo la kumtahadharisha mtu na chui.

Barazani pale, sikumaliza sentensi. Kila mtu alikuwa na choo chake cha kutaja.

Mmoja alitaja tangazo lililotoka katika gazeti ambalo hapa visiwani tunaliona likiwa limeshafungiwa mahamri. Mwingine alitaja ripoti ya kurasa mamia kwa mamia, yote kwa Kiingereza cha wahandisi, na muda wa kutoa maoni unahesabika kwa siku. Wa tatu akasema yeye aliitwa mkutanoni, akapewa soda, akatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na baadaye akasikia kwamba ile sahihi ilikuwa ya kukubali.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka na kicheko changu mwenyewe.

Sisi tunaosoma Adams tukiwa peke yetu chumbani tunacheka kwa sababu jambo limetiwa chumvi mpaka likapasuka. Choo! Chui! Chini ya kufuli! Lakini walionisikiliza hawakusikia chumvi. Mwezi Machi 2012 viongozi wa nchi tatu, Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, walikutana huku kwetu kuzindua bandari mpya na njia zake za kwenda bara: barabara, reli, bomba la mafuta. Mwaka 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Kati ya tarehe hizo mbili bahari ilichimbwa, na wavuvi wa vyombo vidogo, ambao nyavu zao hazifiki kwenye kina kirefu, wakakuta maeneo waliyorithi kwa babu zao yana matope na meli.

Sisemi bandari ni mbaya. Wapo ndugu zangu waliopata kazi pale, na nimekaa kwenye harusi zilizolipiwa na mishahara hiyo. Ninasema tu kwamba mtu ukimwambia mvuvi wa Lamu hadithi ya barabara kubwa inayopitishwa juu ya mahali pake na watu wa mbali waliofanya mipango yote kwa adabu na kufuata utaratibu, usitegemee acheke pale unapocheka wewe.

## Mahali pa kucheka

Walicheka, lakini kwengine.

Walicheka Ford alipomgeuza Bwana Prosser. Ford anataka kumchukua Arthur, lakini Arthur hawezi kuondoka mbele ya katapila. Basi anamwendea Prosser na hoja: umeshakubali kwamba huyu atalala hapa siku nzima, sivyo? Ndivyo. Na watu wako wako tayari kusimama bure siku nzima? Pengine. Basi hakuna haja yeye mwenyewe awepo, si hoja? Ila kwa kuwa lazima mtu alale pale, lala wewe. Na afisa wa halmashauri, suti na yote, analala matopeni kulinda nyumba anayotaka kuivunja.

"Huyo ni wakili!" alisema ami, na hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Alitaka nirudie. Nikarudia.

Walicheka pia kwa Marvin, roboti mwenye ubongo mkubwa kama sayari, ambaye kazi anayopewa ni kufungua milango na kusindikiza wageni. Huyu vijana walimchukua moja kwa moja. Mmoja wao ana shahada ya uhandisi na anasukuma mkokoteni forodhani. Akasema, "Marvin ni mimi." Katika kitabu cha pili Marvin anasahauliwa mahali pa kuegesha vyombo, akaachwa akingoja zaidi ya miaka bilioni 576. Kijana akauliza kama alikuwa akilipwa posho muda huo.

Mnaona? Kila njia inarudi kwenye malipo.

Na walicheka kwa mashairi. Kitabu kinadai mashairi ya Wavogon ni ya tatu kwa ubaya katika ulimwengu wote, na hutumika kutesa mateka: unafungwa kitini, unasomewa. Katika nchi nyingine hiki ni kichekesho cha kupita tu. Lamu mzee wa makamo husahihisha mizani ya shairi la mtu mwingine katikati ya maulidi. Hapa hukumu ya shairi bovu haihitaji maelezo. Walitaka kujua vina vilikuwa vipi. Nikasema havikuwepo. Wakanyamaza kidogo, wakaona kweli ni mateso.

Kwa uaminifu niseme pia kilichokufa njiani. Kitabu cha tatu, ambacho kinategemea mzaha mrefu kuhusu mchezo wa kriketi, sikuweza kukipitisha hata robo. Kwa maoni yangu ni dhaifu hata kwa Kiingereza, ila hilo tutagombania siku nyingine.

## Arthur hana jirani

Nilikirudia kitabu cha kwanza nikiwa na swali la ami mkononi. Nilikuwa nikitafuta fidia. Sikuipata, ila nilikuta kitu kingine ambacho sikuwa nimekiona kabla.

Arthur yuko peke yake.

Nyumba yake inataka kuvunjwa, naye amelala matopeni, na hakuna hata mtu mmoja wa kijiji kile anayetoka kusimama naye. Si mwenye nyumba ya pili, si mwenye duka, si imamu wala padri, si shangazi mwenye kelele. Anaowaona ni wafanyakazi wa halmashauri na rafiki mmoja, na rafiki huyo anatoka sayari ya mbali. Wanapokwenda kilabuni, watu waliokaa pale wanamwona mtu ambaye nyumba yake ndiyo inabomolewa hatua chache kutoka hapo, wanaendelea na glasi zao.

Sijui kama Adams alikusudia. Nahisi hakuhitaji kukusudia. Aliandika mahali alipotoka, na katika mahali hapo mtu kuwa peke yake mbele ya katapila si ajabu, ni sehemu ya kichekesho. Kicheko chote cha mfululizo huu kimejengwa juu ya mtu mmoja asiye na wa kumwuliza. Anaburutwa kutoka nyota hadi nyota katika vazi lake la nyumbani, hana kabila, hana mtaa, hana hata wa kumwambia amechoka. Ukimpa Arthur jirani, hadithi inaharibika. Wangekwenda wengi kwa Bwana Prosser. Wangemjua mama yake Bwana Prosser.

Na swali la ami ni swali la mtu mwenye majirani. Hakuuliza "alilipwa", akimaanisha Arthur. Aliuliza "walilipwa".

Wavuvi wa hapa walikwenda mahakamani mwaka ule ule wa 2012, kwa pamoja. Ilichukua mpaka 2018 Mahakama Kuu kuamua kwamba haki zao zilivunjwa, na ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Uamuzi ulikuwa siku moja. Fedha ni safari nyingine, yenye rufaa na vikao na maafikiano, na ukitaka kuisikia yote usiniulize mimi, nenda ufukweni ukae na wenyewe. Kisha mwaka 2019 kukawa na uamuzi mwingine, wa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, juu ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotarajiwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu. Leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: kuna mikutano iliyofanywa kabla utafiti wa athari haujakamilika, kwa hiyo watu waliitwa kujadili kitu ambacho bado hakijaandikwa.

Nilipousoma uamuzi huo tena mwezi uliopita, sikuweza kujizuia. Wajumbe wa mahakama ile, kwa lugha yao kavu, walikuwa wameingia chooni wakiwa na tochi, wakafungua kabati.

## Shaka la pili

Lipo jambo zito zaidi ambalo nilikuwa nalikwepa.

Mwambao huu tayari una utungo wake juu ya ulimwengu uliovunjika. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga miaka mia mbili iliyopita au karibu na hapo, akiitazama Pate iliyokuwa imeanguka. Al-Inkishafi. Wengi wenu mlisomeshwa. Majumba ya matajiri yamekuwa matupu, popo wananing'inia juu, buibui wametanda, na madaka yaliyopangwa sahani za kichina sasa wamelala makinda ya ndege. Mshairi anauambia moyo wake: tazama, wako wapi? Hachekeshi hata mara moja, na hakuna anayemlaumu.

Nikajiuliza: nina haki gani kukaa Lamu, mashua moja kutoka magofu yale, nikawachekesha watu kwa kuvunjwa kwa dunia? Kwa Sayyid Abdalla kuanguka kwa Pate kuna maana; kunaelekea Akhera. Kwa Adams, ambaye hakuwa mtu wa dini na hakuficha, dunia inaondoka kwa sababu ya barabara. Hakuna anayeulizwa alifanya nini na neema aliyopewa. Kompyuta kubwa inafikiri miaka milioni saba na nusu kuhusu maana ya maisha na kila kitu, inatoa jibu: 42.

Ustadhi mmoja ninayemheshimu nilimweleza hilo jibu nikitegemea kemeo. Alifikiri, akauliza swali lilikuwa lipi hasa. Nikamwambia hiyo ndiyo hadithi: walioiuliza kompyuta hawakujua swali lenyewe, ikabidi ijengwe kompyuta nyingine kubwa zaidi kulitafuta, na kompyuta hiyo ndiyo dunia, na ilivunjwa dakika tano kabla ya kumaliza kazi. Ustadhi akasema, "Mtu anayeuliza asichokijua hujibiwa asichokielewa," akaenda zake kusalisha.

Sikushawishika kwamba hilo linamaliza jambo. Bado naona tofauti kubwa kati ya waandishi hawa wawili, na bado nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kuchukua kisiwani, kisiwani tayari niko na Inkishafi ninayo kichwani. Lakini niliona kwamba wote wawili wana chukizo moja: mtu mwenye kiburi anayedhani mahali pake pamehakikishwa. Mmoja anamwonyesha popo, mwingine anamwonyesha katapila.

## Kitabu ndani ya kitabu

Kuna mzaha mmoja ambao nadhani sisi wa Lamu tunausoma vizuri kuliko hata Waingereza. Jina la mfululizo ni jina la kitabu cha mwongozo kwa wasafiri, ambacho Ford anakifanyia utafiti. Amekwama duniani miaka 15 akikusanya habari. Toleo la zamani lilisema juu ya dunia neno moja: haina madhara. Baada ya miaka yote hiyo, wahariri wanakubali kurefusha kidogo: kwa kiasi kikubwa haina madhara.

Sisi tumeishi ndani ya vitabu vya mwongozo. Tumeandikwa na watu waliokaa siku chache kwenye nyumba yenye paa la makuti huko Shela. Punda, milango ya kuchonga, hakuna magari, mji wa kale uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kisha serikali za mbali zikatoa matahadharisho ya usafiri, na kwa sentensi moja tukahamishwa kutoka "hawana madhara" hadi "msiende". Hoteli zikafungwa. Mabaharia wa mashua za watalii wakarudi kuvua, wakakuta bahari inachimbwa. Hakuna aliyetuuliza tuandikweje.

Adams mwenyewe alipata wazo lake mwaka 1971 akiwa kijana, amelala shambani Innsbruck, Austria, amelewa, ana nakala ya kuazima ya mwongozo wa kusafiri Ulaya kwa kudandia magari. Akatazama nyota, akaona hata huko panahitaji mwongozo. Ni haki kusema kwamba baadaye alijitahidi kutazama dunia kwa karibu zaidi ya wapita njia wengi. Mwaka 1990 alitoa pamoja na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine kitabu juu ya viumbe vinavyokaribia kutoweka, na mwaka 1994 akajiunga na safari ya hisani ya kwenda Kilimanjaro, ambako njiani alivaa vazi zima la kifaru. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa vifaru weusi Tanzania na kwa shule za Kenya. Jitu refu la Kiingereza ndani ya kifaru cha kitambaa, kwenye jua letu. Hilo nilipolisimulia, ami alisema mtu huyo sasa ameanza kumwamini.

## Pomboo

Fidia niliipata katika kitabu cha nne.

Kwa waliosahau: pomboo walijua mapema kwamba dunia itavunjwa, wakaondoka, na ujumbe wao wa mwisho ulikuwa wa kuaga na kushukuru kwa samaki wote. Katika kitabu cha nne Arthur anarudi na kuikuta dunia ipo, imesimama, kana kwamba hakuna lililotokea. Kumbe ni pomboo. Wao ndio waliofanya kampeni ya kuwaokoa wanadamu, wakaleta dunia nyingine badala ya ile iliyovunjwa.

Nilimpelekea ami habari hii nyumbani kwake mchana, nikiwa nimefurahi kama wakili aliyeshinda. Nikamwambia walilipwa, ami, tena si kwa fedha, walirudishiwa dunia nzima.

"Na nani aliyelipa?"

"Pomboo."

Akafikiri. Pomboo anawajua, amewaona wakiongozana na jahazi lake asubuhi nyingi. "Wale walioharibu hawakutoa kitu?"

"Hawakutoa."

"Na hiyo nti mpya, ina hati?"

Kwa wasio wa huku: uliza mtu yeyote wa Lamu kuhusu hati za ardhi, kisha tafuta mahali pa kukaa. Sikuwa na jibu. Nilikitazama kitabu tena, na hapana, hakuna hati. Dunia ile mpya haina karatasi yoyote inayosema ni ya nani. Na kweli, katika kitabu cha tano inakuja kuvunjwa kwa mara nyingine, pamoja na dunia zote za aina yake, na safari hii hakuna anayebaki wa kuuliza.

## Kitabu cha tano

Hapo ndipo nilipokwama sasa. Barazani nimemaliza cha nne, na wanaidai simulizi ya tano.

Mostly Harmless kilitoka mwaka 1992 na ni kitabu cheusi. Vichekesho vimo, vingine vikali sana, lakini mwisho wake unafunga kila mlango kwa makusudi. Adams mwenyewe baadaye alikubaliana na waliosema kimejaa giza. Alieleza kwamba mwaka alioandika ulikuwa mbaya kwake, na kwamba angependa kuandika cha sita ili amalize kwa namna nyingine. Hakuwahi. Alifariki California tarehe 11 Mei 2001, akiwa na umri wa miaka 49. Cha sita kiliandikwa na mtu mwingine, Eoin Colfer, mwaka 2009, kwa idhini ya mjane wa Adams. Nimekisoma. Ni kazi ya heshima, lakini sauti si ile.

Nilifikiria kuwadanganya wasikilizaji wangu, niseme mfululizo ulikoma kwenye pomboo. Ingekuwa rahisi. Lakini kuna kijana mmoja pale ana simu na bando, angenigundua kabla kahawa haijapoa.

Nitawapa cha tano kama kilivyo. Nitawaambia pia kwamba mwandishi hakuridhika nacho. Uamuzi umetolewa na aliyeutoa ameonyesha shaka hadharani, na waliokaa kwenye baraza ile wamezoea mambo ya namna hiyo. Ami ameshaniuliza muda wa kukata rufaa ni siku ngapi.